Sura ya Sita: Upande Mmoja kwa Mwaka

Mama hupogoa chai yake mwezi wa Julai, baridi ya huku kwetu Nyamache, katika Kaunti ya Kisii, ikiwa imeshika na ukungu ukilala mabondeni hadi saa nne za asubuhi. Hapogoi shamba lote. Ameligawa pande nne, na kila mwaka hushughulikia upande mmoja tu. Huinama na panga, akakata shina baada ya shina hadi kila moja libaki fremu ya matawi matupu, kisha hulaza matawi aliyoyakata juu ya fremu hizo ili jua lisizichome. Upande huo hautatoa jani la kupeleka kituoni kwa miezi miwili au mitatu. Zile pande tatu nyingine ndizo zinazolipa karo na stima. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini tusiite watu tukamaliza kazi yote kwa wiki moja. Alinijibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, ukikata lote, Agosti utapeleka nini kwa mzani?"

Chai isiyopogolewa haifi. Hupanda tu. Meza ya kuchumia huinuka mwaka hadi mwaka hadi mchumaji anainua mikono kama anayeanika nguo, majani yanakuwa magumu, na yale majani mawili na chipukizi ambayo kiwanda kinayataka yanakuwa ya kutafutwa. Mtu anayepita barabarani huona shamba la kijani lililonawiri. Anayelichuma ndiye anayejua kwamba limezeeka.

Sura hii inahusu kazi ambayo haina picha nzuri ya kuweka kwenye kalenda: kusafisha mfumo wa ujenzi wa programu huria inayotumiwa na watu wa nchi nyingi, kwenye kompyuta za kila aina, bila kuwasimamishia kazi hata siku moja. Nimeifanya kazi hiyo kama mchangiaji mdogo, sehemu kubwa nikiwa hapa hapa Nyamache, kwenye meza iliyo karibu na dirisha linaloangalia shamba la Mama. Na programu ninayoizungumzia ina mizizi yake nchini mwetu.

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, kulianzishwa mfumo mdogo wa kompyuta wa kuweka rekodi za wagonjwa. Ulitengenezwa kwa Microsoft Access na watu wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka huo huo ulizaliwa mpango wa AMPATH wa kuwahudumia wenye virusi vya UKIMWI, na wagonjwa wakaanza kuongezeka kwa kasi ambayo faili ya Access haikuweza kuibeba. Mwaka 2004 madaktari wawili kutoka Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret, wakaona hali ilivyo, wakaanza kuunda mfumo mpya. Waliungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, aliyekuwa akihangaika na tatizo lile lile katika nchi nyingine. Mfumo huo ukaitwa OpenMRS. Ulianza kutumika Eldoret mapema mwaka 2006, na kabla mwaka haujaisha ulikuwa umefika Rwanda.

Leo una jamaa wengi. Kenya tuna KenyaEMR, iliyoanza kujengwa mwaka 2012 na kusambazwa katika mamia ya vituo vya afya. Uganda wana UgandaEMR, iliyolelewa na watu wa Chuo Kikuu cha Makerere. India kuna Bahmni. Wote hao wanasimama juu ya kiini kimoja, kisha kila mmoja anaongeza vipande vyake vinavyoitwa moduli. Moduli ya dawa, moduli ya maabara, moduli ya kupanga foleni. Huu ndio uzuri wake: kituo cha milimani hakilazimiki kubeba kila kitu ambacho hospitali ya rufaa inakihitaji. Na hapo hapo ndipo kazi ya usafi inapokuwa ngumu, kwa sababu kila moduli ni nyumba yenye mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuwa Boston, Kampala, au alikwisha kubadilisha kazi miaka sita iliyopita bila kuaga.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "ujenzi". Mtaalamu wa programu huandika maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Kompyuta ya hospitali haiwezi kuyatumia hivyo hivyo. Lazima zikusanywe maktaba zilizoandikwa na watu wengine, msimbo utafsiriwe, majaribio yaendeshwe kuona kama kuna kilichovunjika, kisha kila kitu kifungwe katika kifurushi kimoja. OpenMRS huzaa faili moja kubwa ya kiini, na kila moduli huzaa faili yake yenye jina linaloishia na omod. Anayesimamia safari hiyo yote, kutoka maandishi hadi kifurushi, ni mfumo wa ujenzi. Afisa wa rekodi hauoni kamwe. Muuguzi hajui kama upo. Ila ukichakaa, marekebisho ya kosa la kipimo cha dawa yaliyochukua dakika kumi kuandikwa yanaweza kukaa wiki tatu bila kumfikia muuguzi huyo, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kukifunga kifurushi.

Zana za kazi hii zimebadilika mara kadhaa. Mwaka 1976 Stuart Feldman wa Bell Labs aliandika Make, ambayo mpaka leo inajenga nusu ya dunia, na ambayo ilidai mistari fulani ianze kwa alama ya kuruka nafasi, siyo nafasi za kawaida. Alama hiyo haionekani kwa macho. Watu wamepoteza siku nzima kwa ajili yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 James Duncan Davidson, alipokuwa akishughulikia seva ya Tomcat, alichoshwa na hali hiyo akatengeneza Ant, ambayo ilitolewa peke yake mwaka 2000 na kufanya kazi sawa kwenye Windows na Unix. Kisha ikaja Maven, toleo lake la kwanza kamili likatoka mwaka 2004. Kwa Ant, kila mradi hueleza hatua zake mwenyewe: nakili hiki, tafsiri kile, funga pale. Kwa Maven kuna desturi, na ukiifuata unaandika machache. Unasema tu wewe ni nani, unategemea nini, na vitu hivyo vinapatikana ghala gani.

OpenMRS ilianza na Ant, na karibu na mwaka 2010 ikahamia Maven. Kuhama kiini kulikuwa kazi ya kundi dogo lililofahamiana. Moduli zilikuwa jambo jingine. Kila mwenye moduli alihama kwa wakati wake, na wengi walifanya ambacho mtu yeyote angefanya: walifungua moduli ya jirani iliyokwisha kuhama, wakanakili faili yake ya Maven, wakabadilisha jina, wakaendelea na kazi ya maana. Ndivyo mstari mmoja ulivyosambaa. Ulikuwa mstari unaosema ghala la OpenMRS liko wapi, na ulianza kwa herufi nne: http.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu sijaona mfano bora wa jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuunganisha na kutenganisha watu.

Herufi hizo nne zinaeleza njia ya kuchukua kitu kwenye mtandao bila kukifunga kwa siri. Yeyote aliye njiani anaweza kukisoma, na mwenye nia mbaya anaweza kukibadilisha kabla hakijakufikia. Ukiongeza s, ikawa https, njia inafungwa. Kwa programu inayohifadhi habari za watu wenye virusi na kifua kikuu, hatari iko wazi: maktaba iliyobadilishwa njiani inaingia ndani ya kifurushi, na kifurushi kinaingia hospitalini. Walinzi wa ghala kuu la Maven duniani waliliona hilo. Mwezi Juni 2018 waliacha kupokea mitambo inayotumia funguo za zamani, na wote waliokuwa bado na toleo la 7 la Java, lugha ambayo OpenMRS imeandikwa kwayo, ambalo halijarekebishwa wakajikuta nje ya mlango. Tarehe 15 Januari 2020 wakafunga kabisa njia ya http. Siku hiyo, pande zote za dunia, miradi iliyojengwa vizuri jana yake ilisimama na kutoa ujumbe wenye namba 501.

Hilo lilikuwa ghala kuu. Lakini ule mstari wetu ulielekeza kwenye ghala la OpenMRS lenyewe, ambalo lilikuwa bado linajibu kwa http, kwa hiyo moduli nyingi zilipita salama na hakuna aliyezigusa. Mwaka uliofuata, 2021, likatoka toleo la Maven lenye namba 3.8.1, na lenyewe likaanza kukataa kila ghala la http, hata likiwa hai na linajibu.

Sasa tazama kilichotokea. Mtu mwenye Ubuntu 20.04, aina moja ya Linux, aliyeweka Maven kwa njia ya kawaida ya mfumo wake alipata toleo la 3.6.3. Kwake kila moduli ilijengwa bila neno. Mwenye kompyuta ya Apple aliyesasisha zana zake asubuhi alipata toleo jipya kabisa, na moduli ile ile ikamgomea mstari wa kwanza. Mwenye Windows aliyepakua mwenyewe kutoka kwenye tovuti alitegemea alipakua lini. Watu watatu, msimbo mmoja, majibu mawili. Na kila mmoja alikuwa mkweli. "Kwangu inafanya kazi" si uongo wala si uvivu. Ni maelezo sahihi ya mashine moja.

Dawa ni herufi moja. Mtu anaweza kusema: andika programu ndogo ipite katika faili zote, iongeze s, tumalize jioni. Mimi pia nilifikiri hivyo, na kwenye moduli chache nilizokuwa na ruhusa nazo nilifanya hivyo. Siku ya tatu nikaandikiwa na kijana anayetunza kompyuta katika kituo fulani cha afya, ambaye hujenga moduli moja mwenyewe kwa sababu kituo chao kina ripoti yake ya pekee. Seva yake ilikuwa na Java ya zamani isiyojua funguo mpya. Kwake http ndiyo iliyokuwa inapita. Mimi nilikuwa nimemfungia mlango kwa kumtakia usalama.

Sikuwa nimekosea kuhusu s. Nilikuwa nimekosea kuhusu mpangilio. Ilipaswa kwanza kujua nani yuko na Java gani, kisha kumsaidia ahame, kisha kubadilisha mstari. Nilirudisha mstari wa moduli ile moja nikaandika tarehe pembeni yake. Tuliongea kwa simu jioni mbili, nikimsomea amri na yeye akinisomea majibu, mpaka seva yake ikapata Java mpya. Ndipo herufi ikaingia tena na kukaa.

Watu wa pwani husema haraka haraka haina baraka, nasi huku tunaisema pia, ila mara nyingi tunaitumia kumtuliza mtu asubiri chakula. Katika kazi hii ni maelekezo ya kiufundi. Kuna hatua ambazo zikipinduliwa, kitu sahihi kinaumiza.

Tofauti za mifumo endeshi zina vituko vyake vinavyofichika kwa miaka. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, Linux inatofautisha. Mtu wa Windows akiandika Mgonjwa na faili inaitwa mgonjwa, kwake inafunguka. Kwenye seva ya Ubuntu ya hospitali haipo. Mwisho wa mstari wa maandishi Windows huweka alama mbili, Linux moja, na hati ya amri iliyohifadhiwa kwa mtindo wa Windows ikipelekwa Linux inagoma kwa ujumbe ambao hautaji kabisa alama hiyo. Haya yana dawa zinazojulikana, nisingependa kuyarefusha.

Lililonigusa mimi ni la majina yetu. Abagusii tuna ng' kila mahali. Fungua daftari la kituo chochote kati ya hapa na Nyangusu utakuta akina Ong'era, Mong'are, Nyang'au. Sasa kuna kikato cha taipu, kilichonyooka, na kuna kikato kilichopinda ambacho programu za kuandikia barua hukiweka zenyewe bila kukuuliza. Kile kilichopinda, katika mpangilio wa herufi uitwao UTF-8, huhifadhiwa kwa baiti tatu. Kompyuta ya Windows iliyokuwa ikifuata mpangilio wake wa zamani huzisoma baiti hizo tatu kama herufi tatu mbalimbali. Nilikuwa nimeandika jaribio linalotumia jina Mong’are, na kikato kilikuwa kimepinda kwa sababu nilikinakili kutoka kwenye hati. Kwangu, kwenye Ubuntu, jaribio lilipita. Mwenzangu wa Windows alipojenga, akanitumia picha ya kioo chake. Pale kwenye jina palisomeka Mongâ€™are.

Niliitazama picha ile kwa muda mrefu. Si jina la mtu fulani, nilikuwa nimelibuni kwa ajili ya jaribio, lakini nilimwona mama mzee amekaa kwenye benchi, anaitwa, haitiki, kwa sababu kilichoandikwa si yeye.

Kumbe Maven ilikuwa inatuonya kila siku. Kila tulipojenga moduli ile, katikati ya mamia ya mistari inayopita kwenye kioo, kulikuwa na onyo kwamba mpangilio wa herufi haujatajwa, kwa hiyo unatumika ule wa mashine, kwa hiyo matokeo ya ujenzi yanategemea mashine. Lilikuwa limeandikwa wazi kabisa. Tulikuwa tumelizoea kama mtu anavyozoea mlio wa posho mill. Dawa yake ni mstari mmoja katika faili ya Maven, unaosema msimbo huu umeandikwa kwa UTF-8. Java yenyewe ilikuja kuliweka jambo hili sawa mwezi Machi 2022, katika toleo la 18, kwa kuifanya UTF-8 iwe ndiyo kawaida popote pale. Lakini hospitali nyingi zilikuwa kwenye Java 8, na hazingeweza kuruka hadi 18 kwa sababu ya kikato.

Tangu siku hiyo, ninapoanza kusafisha moduli yoyote, kazi ya kwanza si kufuta. Ni kusoma maonyo yote, moja moja, kalamu mkononi, jinsi afisa wa kilimo anavyopita kwenye mistari ya chai kabla hajasema lolote.

Java inapobadilishwa, kuna mengine yanayohama nayo. Toleo la 11, la mwaka 2018, liliondoa maktaba ya kushughulikia hati za XML iliyokuwa ndani ya Java tangu zamani, na moduli ambazo hazikuwahi kuitaja, kwa kuwa ilikuwepo siku zote, zikashindwa kujengwa. Hata saa huhama. Ndani ya Java kuna jedwali la historia ya saa za kila nchi. Kenya haikuwa na tofauti ya saa tatu kamili na Greenwich siku zote. Kuanzia mwisho wa mwaka 1936 tulikuwa saa mbili na dakika arobaini na tano mbele. Kwa muda mrefu jedwali liliandika kwamba hali hiyo iliendelea hadi 1960, kisha watunzaji wake wakalisahihisha: mabadiliko yalikuwa 1942. Mzee aliyezaliwa 1950, tarehe yake ya kuzaliwa ikiwa imehifadhiwa kama saa sita kamili ya usiku, akisomwa na Java mbili zenye majedwali mawili tofauti, anapata tofauti ya dakika kumi na tano. Dakika kumi na tano nyuma ya saa sita usiku ni jana. Hakuna mtu aliyegusa rekodi yake.

Ndiyo maana siku hizi badiliko likipendekezwa, seva za ukaguzi hulijenga mara kadhaa, kwenye mfumo zaidi ya mmoja na kwa Java zaidi ya moja, kabla binadamu hajalisoma. Alama ya kijani ikitokea kwenye zote, mjadala unaweza kuanza. Ni msaada mkubwa sana. Lakini mashine hizo zote ni safi, zina mtandao wa kasi, na hazijawahi kuona Nyamache.

Mashine yangu imeiona. Mara ya kwanza unapojenga mradi wa Maven, unapakua maktaba zote unazozitegemea, na zile ambazo maktaba hizo zinazitegemea, na kuendelea. Mtu wa mjini huenda kunywa chai, akirudi imekwisha. Mimi nilikuwa nanunua bando la usiku. Inafika kama robo tatu, mtandao unakatika mvua ikianza, na faili moja inabaki nusu. Kesho yake Maven inakumbuka kwamba ilijaribu na kushindwa, inakataa hata kujaribu tena mpaka uilazimishe. Mwishowe nilifanya kitu ambacho vijana wengi wa huku wamekifanya: nilipanda matatu hadi Kisii, nikakaa saiba, nikajaza ghala lote kwenye flashi, nikarudi nayo mfukoni. Nyumbani nililibandika mahali pake na kuiambia Maven ijenge bila kwenda mtandaoni. Ikajenga. Flashi ile imezunguka kwa watu wanne tangu hapo.

Nasimulia haya kwa sababu yanabadilisha maana ya usafi. Kuondoa kitegemezi kimoja kisichotumika, kwa mtu wa mjini, ni unadhifu. Kwa kijana anayejifunza kwa bando la shilingi hamsini ni tofauti kati ya kujenga leo na kujenga Jumatatu. Nimewahi kutoa maktaba ambayo haikuwa ikiitwa na mstari hata mmoja, ilibaki tu tangu enzi za kunakiliana, na nyuma yake zikaanguka nyingine kadhaa zilizoletwa na hiyo moja. Hakuna mgonjwa atakayeligundua hilo. Mimi nililala vizuri.

Nimeiacha kwa makusudi hadi mwisho kazi ngumu kuliko zote. Moduli inayotaka kufanya kazi na matoleo mengi ya kiini hubeba ndani yake folda kwa kila toleo. Moduli inayoiwezesha OpenMRS kuzungumza na programu nyingine ilikuwa, kwa miaka mingi, na folda ya 1.8, ya 1.9, ya 1.10, na kuendelea hadi za mfululizo wa 2. Toleo la 2.0 la kiini lilitoka mwaka 2016 na lilitaka Java 8. Kila folda inaongeza muda wa kujenga, majaribio, na mahali pa kusahau. Anayeingia mgeni anauliza kwa haki kabisa: kwa nini tunabeba mzigo wa kitu kilichopitwa na wakati?

Kwa sababu hakijapitwa kwa kila mtu. Seva ya kituo cha afya haisasishwi kwa kubonyeza kitufe. Mtu lazima afunge safari, achukue nakala ya rekodi zote, asubiri siku ambayo kliniki haina watu, abadilishe, ajaribu, na awe tayari kurudisha ya zamani kabla ya asubuhi. Folda ya toleo la zamani katika mradi ni ahadi kwa kituo hicho. Ukiifuta kwa sababu inakukera, umevunja ahadi iliyotolewa na watu waliokutangulia.

Wala sisemi isifutwe. Ahadi isiyo na mwisho huua mradi pia. Watu wa kujitolea huchoka, na anayechoka haagi. Kinachosaidia ni kutangaza. Unasema mapema kwamba toleo fulani litaacha kuungwa mkono, unataja toleo lijalo ambalo folda itaondoka, unaandika jinsi ya kuhama, unawatafuta wale ambao hawasomi matangazo. Kundi hili la mwisho ndilo hula muda. Hawajajiandikisha popote. Unampigia mtu anayemjua mtu.

Katika moduli moja ndogo ninayosaidia kuitunza tulikuwa na folda kama hiyo. Tulitangaza Januari. Kufikia Aprili kila aliyetujibu alikuwa amehama. Mwenzangu aliandaa badiliko la kuifuta, na alikuwa na furaha, kwa kuwa lilikuwa limejaa rangi nyekundu ya mistari inayoondoka na hakuna hata mmoja unaoingia. Seva za ukaguzi zikatoa kijani, Windows na Ubuntu. Nilimwomba angoje. Kulikuwa na kituo kimoja ng'ambo ya mto ambacho hakikuwa kimejibu, na sikuweza kujua kama ukimya wao maana yake wamehama au hawajui kama tupo. Akangoja, ingawa haikuwa rahisi kwake. Mwezi wa Mei aliuliza mara mbili.

Julai nilipanda boda nikaenda mwenyewe. Afisa wa rekodi alinipokea vizuri, akanionyesha kompyuta iliyo chini ya meza, imefunikwa kitambaa cha kusokotwa. Ilikuwa toleo la zamani, inafanya kazi bila kosa, wagonjwa wote wamo. Hakuwa amepata tangazo lolote. Nilimweleza tunachotaka kufanya na sababu yake. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: je, akihama, majina yatabaki jinsi yalivyo? Tulifungua rekodi chache nilizoruhusiwa kuziona, tukazihamisha kwanza kwenye laptopu yangu kwa majaribio huku yeye akikagua vikato kimoja kimoja. Vilikuwa vimenyooka vyote.

Nilirudi nyumbani jioni nikamkuta Mama amemaliza upande wa tatu, matawi yamelazwa juu ya fremu. Ujumbe wa afisa ulikuja wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi: "Tumehama jana. Hiyo ya zamani mnaweza kuitoa." Niliupeleka kwa mwenzangu kama ulivyo, bila jina la kituo. Dakika nne baadaye folda ilikuwa imeondoka, na moduli ikajengwa upya, kwenye Windows, kwenye Ubuntu, na kwenye meza iliyo karibu na dirisha, bila mtandao.